Tangazo Lisilotaja Siku

Huyu mwanamke ninayetaka kuwasimulia, jina alilopewa na wazazi wake hata kazini walikuwa wamelisahau. Mji mzima ulimwita Mama Tangazo. Mtoto wa kumzaa hakujaliwa, lakini matangazo aliyazaa, tena si haba. Kila neno la kampuni ya maji lililowafikia watu lilipitia kwenye koo lake. Bomba limepasuka, ni yeye. Maji yatakatwa kwa matengenezo, ni yeye. Umechelewa kulipa bili, sauti yake inakupitia mlangoni asubuhi kwenye spika za gari, tamu utafikiri unaalikwa harusini, kumbe unaambiwa utakatiwa maji.

Mlangoni kwake paliandikwa Afisa Uhusiano. Asikudanganye mtu kwamba hiyo ni kazi ya kukaa kwenye kiyoyozi na kucheka na waandishi wa habari. Yeye alianzia dirisha la malalamiko, pale watu wanapofika wamevimba kwa hasira, na alikuwa na kipaji ambacho hakukipata chuoni: mtu anafika anafoka, anaondoka anamuulizia hali ya nyumbani. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, haina haraka, sauti ya mtu aliyekwenda kuchungulia nje akarudi kukuambia hakuna mwizi, ni paka.

Sauti hiyo aliipatia nyumbani. Mama yao alipofariki alimwachia mdogo wake wa mwisho, Kitinda, ambaye hata meno yalikuwa hayajamaliza kuota. Dada mtu ndiye akawa mama. Radi ikipiga na mtoto akianza kutetemeka, dada anamwambia, "Ni mvua tu, lala," na mtoto analala. Kitinda akakua, akaolewa, mumewe akawa dereva wa malori ya masafa marefu, na akajifungua mtoto wa kiume mnene, mwenye dharau, ambaye wote walimwita Bwana Mdogo. Lakini kwa dada yake alibaki yule yule. Dada akisema dawa hii haina shida, haina shida. Dada akisema huyo mwanamume anafaa, anafaa. Mtu mzima na akili zake timamu, na hakuwahi hata siku moja kuiuliza sauti ile mara mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwaka fulani koo la Mama Tangazo liliharibika, akabaki anakwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, na gari la matangazo likalala gereji hadi watu wakaanza kulalamika kwamba kampuni imewadharau. Alipopona alijifungia stoo, akatundika mablanketi ukutani ili kuua mwangwi, akarekodi tangazo la kila jambo linaloweza kutokea. La bomba kupasuka. La presha ndogo. La bili. Yote akayatia kwenye flashi, flashi ikachomekwa kwenye redio ya gari, na dereva akawa ni kubonyeza tu. Humo humo akagundua ujanja mmoja: usitaje siku. Ukitaja tarehe, tangazo linachacha kama maziwa. Usipoitaja, utalitumia mpaka uzeeke. Ujanja huo alikwenda kuufundisha kwenye semina ya maafisa uhusiano wenzake, wakampigia makofi na kuuandika. Hata mimi ningepiga makofi, maana ilikuwa akili nzuri ya kazi.

Katika matangazo hayo kulikuwa na moja la kuzima uvumi. Watu walikuwa wamezushiana kwamba tangi kuu limetiwa sumu. Ulikuwa uongo mtupu. Yeye mwenyewe alipanda ngazi za tangi, akashuhudia maji yakipimwa, akateremka, akarekodi: "Ndugu wananchi, maji yenu ni salama. Endeleeni kunywa na kupikia bila wasiwasi. Hakuna haja ya kuchemsha. Msisikilize uvumi." Mji ukatulia. Kila neno katika tangazo lile lilikuwa la kweli, na nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walimwita mwongo, na siku ile hakuwa mwongo.

Basi, mambo yalianza asubuhi, hata chai hajanywa. Mlango ukafunguliwa bila hodi, akaingia fundi wa maabara, bwana mmoja mpole sana ambaye pale kazini aliitwa Miwani. Akaufunga mlango nyuma yake, akakishika kitasa kama anayezuia mtu mwingine asiingie.

"Dada, jana jioni wale wanaochimba bondeni wametoboa bomba la majitaka," akasema. "Linapita juu ya letu, na letu lilikuwa wazi, mafundi wetu walikuwa wanabadilisha kiungo. Maji niliyochota kule hayafai hata kuoshea gari."

Mama Tangazo akaweka kikombe chini. Mtaa wa bondeni ndiko alikokaa Kitinda.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ila Mkurugenzi anasema hakika inakuja baada ya kipimo cha pili, na cha pili majibu ni kesho." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Dada, usiseme nimekuambia mimi kwanza. Nina watoto shuleni."

Mama Tangazo akamwambia asiwe na wasiwasi. Ilimtoka kwa sauti ile ile ya tangazo, na Miwani akaonekana kupumua.

Kikao kikaitishwa. Mkurugenzi wao, mwanamume nadhifu anayenukia vizuri, nyuma ya mgongo wake aliitwa Tulieni, kwa sababu hata jengo likiungua moto neno lake la kwanza lingekuwa hilo. Alikaa na mhandisi kulia, Miwani kushoto, Mama Tangazo mbele yake.

"Tulieni," akasema. "Mhandisi ameshaziba. Dawa imeongezwa. Kufika jioni laini itakuwa imejisafisha. Kwa hiyo tunasubiri kipimo cha pili, na mpaka hapo hakuna neno linalotoka humu ndani."

"Mzee, watu wanakunywa sasa hivi," akasema Mama Tangazo.

"Na kesho kipimo kikija kizuri? Tutakuwa tumetia mji mzima hofu bure. Nani atatuamini tena?"

"Tuwaambie basi wachemshe tu, bila kusema sababu."

Tulieni akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekuonea huruma. "Wewe ndiye mtaalamu, Mama Tangazo. Ukimwambia mtu chemsha, si umeshamwambia kila kitu?"

Haya sasa. Hapo ndipo pa kusimama. Kazini kwao kuna maadili yaliyoandikwa, yamewekwa kwenye fremu ukutani, yeye mwenyewe ndiye aliyechagua fremu: usiufiche umma jambo linalogusa uhai wake. Alikuwa ameyapa mgongo, hakuhitaji kugeuka kuyasoma. Akafungua mdomo. Halafu akamtazama Tulieni, akakumbuka afisa uhusiano aliyemtangulia, mtu aliyejua kazi kweli kweli, aliyeropoka mbele ya waandishi na mwezi haukuisha unga ukamwagika, na sasa anauza vifuniko vya simu. Akaufunga mdomo. Mhandisi akatazama meza. Miwani akatazama mikono yake. Woga ulikuwa umekaa mle ndani kama mjumbe wa tano, tena ndiye mwenyekiti.

"Sawa, Mzee," akasema.

Alirudi ofisini. Akashika simu, akamwandikia Kitinda: Usitumie maji ya bomba, usimpe mtoto. Kidole kikakaa juu ya kitufe. Na hapa, jamani, nataka mumtazame vizuri mwanadamu anavyojidanganya. Akaanza kujisomea hotuba: nikimwambia wangu na kuwaacha wa wengine, huo si uadilifu, huo ni upendeleo. Habari ya ofisi si ya kugawia ndugu. Kitinda atamwambia jirani, jirani atamwambia shoga yake, na itajulikana imetoka wapi. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa sababu. Zile mbili za kwanza zilikuwa nguo za kuivika. Akafuta maneno yote, herufi moja moja. Akaiita maadili. Ulikuwa woga, na ndani ya roho yake alijua.

Akajikaza kisabuni mpaka mchana. Simu za malalamiko zilikuwa zimeanza kuingia: maji yananuka, maji yana rangi ya chai. Wasichana wa dirishani walimuuliza wajibu nini, akawaambia wajibu kwamba linafuatiliwa. Neno hilo, linafuatiliwa, limefukia mambo mengi duniani. Alipoona kuta zinamsogelea, akatoka akatafute chochote cha kutia tumboni.

Alikuwa amesimama kwenye duka la pembeni ya njia panda, mkononi mkate, wakati aliposikia mtu anazungumza mbali, upande wa kushukia bondeni. Sauti ya mwanamke, nzito kidogo, haina haraka. Aliisikia kama unavyosikia jirani akiongea nyuma ya ukuta, bila kuijali. Halafu upepo ukaileta karibu.

"Ndugu wananchi, maji yenu ni salama."

Mkate ukamponyoka. Akaitambua sauti kabla hajaelewa ni ya nani. Ilikuwa yake. Alikuwa pale dukani, midomo imefungwa, na yeye huyo huyo alikuwa kule chini anawaambia watu wanywe. Kwa kitambo kidogo, nawaambia kweli, alidhani amerukwa na akili na kwamba kweli alikwenda kuyasema maneno yale, akasahau.

"Endeleeni kunywa na kupikia bila wasiwasi. Hakuna haja ya kuchemsha."

Mwenye duka, mzee mchangamfu, akampa pole ya mkate na kumwokotea. "Afadhali mmetoa tangazo, Mama Tangazo," akasema. "Mke wangu alikuwa ameanza kusema maji yananuka, nikamwambia ngoja tumsikie mwenyewe." Akachota kikombe kwenye ndoo iliyokuwa chini ya kaunta, akanywa mbele yake, akafuta mdomo kwa furaha. "Sasa nimekusikia."

Yeye akataka kusema mwaga, usinywe. Akajikuta analipia mkate. Mwanamke aliyepita na ndoo kichwani akampungia mkono na kusema asante. Walikuwa wanamshukuru, mmoja baada ya mwingine.

Akampigia Tulieni, vidole vinakosea namba.

"Mzee, nani ametoa lile tangazo?"

"Tulia. Waandishi walianza kupiga simu, watu wakaanza kupiga kelele. Tulihitaji kitu cha kushikilia hali mpaka kesho."

"Lile ni la mwaka juzi."

"Lina tarehe?" Akauliza kwa upole kabisa, si kwa ukorofi. "Si sauti yako? Si maneno yako? Si wewe uliyetufundisha kwamba yanatumika wakati wowote?"

Akakata simu, akampigia Kitinda. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Ikaita. Basi akaanza kushuka bondeni kwa miguu, kwanza kwa mwendo wa heshima wa afisa, halafu akavua viatu vya ofisini akavishika mkononi na kukimbia, mwanamke mzima na kitambulisho kinampiga kifuani, watu wakimpisha na kucheka kidogo.

Kitinda alikuwa uani anaanika nguo, simu ameiacha ndani. Bwana Mdogo amekaa kwenye mkeka, amezungushiwa mito asianguke, na mkononi ana chupa ya maziwa ya kopo. Tupu. Alipomwona mama yake mkubwa akaitupa chupa na kunyoosha mikono abebwe.

"Umemkorogea kwa maji gani?"

"Dada, mbona uko pekupeku?"

"Maji gani, Kitinda?"

"Ya bomba." Kitinda akashusha nguo aliyokuwa ameshika. "Asubuhi yalinuka, nikayaacha. Nimemnyonyesha tu, na si unajua maziwa yangu hayamtoshi, amelia mpaka sauti imekauka. Gesi nayo imeniishia. Nikasema liwalo na liwe, simpi. Ndipo ulipopita ukasema hayana shida, hata kuchemsha si lazima. Nikamkorogea." Akamtazama dada yake usoni, na rangi ikaanza kumtoka. "Ulisema. Nimekusikia mwenyewe."

"Si mimi. Ni ile ya zamani, wameirudia. Maji yana uchafu wa choo."

Kitinda akamnyanyua mtoto, akambana kifuani. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Umejua lini?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, laini, umenyooshwa pasi: nimejua sasa hivi nimekuja mbio. Nani angemuumbua? Miwani asingethubutu.

"Asubuhi," akasema Mama Tangazo.

Mdogo mtu akamtazama kama anayetafuta mtu mwingine ndani ya uso ule. Akatazama chupa pale mkekani. Na kabla hajasema neno, kona ya uchochoro ikaleta ile sauti tena, tulivu, ya upendo, inakuja polepole kwa mwendo wa gari. Ndugu wananchi, maji yenu ni salama. Bwana Mdogo akageuza kichwa kuitafuta, akacheka, kwa sababu aliijua.

Mama Tangazo akatoka mbio, akasimama katikati ya njia mikono imetanuka. Gari likafunga breki karibu na magoti yake. Dereva alikuwa Mzee Honi, mtu aliyemzungusha mji huu miaka mingi na aliyezoea kumtania kwamba sauti yake ndiyo mke wake wa pili.

"Zima," akamwambia.

"Binti yangu, mimi nimetumwa."

"Najua. Zima, Mzee wangu, nakuomba."

"Nikizima nitasema nini ofisini?"

"Sema nimekunyang'anya."

Mzee Honi akamtazama miguu yenye vumbi, akazima. Akafungua mlango, akaingia, akachukua kipaza sauti cha mkono ambacho kilikuwa kimelala muda mrefu mpaka waya umeshika vumbi. Kikagonga meno yake, na mtaa mzima ukasikia ile ngo.

"Ndugu wananchi," akaanza. "Maji si salama. Msinywe. Msiwape watoto. Yamwageni mliyochota."

Ilitoka nyembamba, inapasuka. Wala haikufanana na ya Mama Tangazo. Watu wakatoka milangoni. Wakasimama wanatazamana, wengine wakacheka wakidhani ni mchezo. Mama mmoja mnene aliyekuwa na sufuria mkononi akasogea mpaka dirishani.

"Dakika hii umesema tunywe. Sasa unasema tusinywe. Tumwamini nani kati yenu?"

"Niamini mimi."

"Na yule si wewe?"

Ndipo alipoelewa kwamba ukweli wa maji peke yake hautatosha. Miaka yote alikuwa amewajengea sauti moja, na sasa sauti hiyo ilikuwa imesimama upande wa pili, imara kuliko yeye. Watu wasingeiacha mpaka awaonyeshe kwa nini, na ili awaonyeshe ilibidi ajivue nguo mbele yao. Aliogopa kuliko alivyoogopa kikaoni, kwa sababu kule aliogopa kupoteza kazi na hapa aliogopa nyuso alizozijua.

"Yule ni mimi," akasema kwenye kipaza sauti. "Ni mimi wa mwaka juzi. Maneno yale yalikuwa ya kuzima uvumi wa sumu, mnakumbuka. Kampuni imeyatoa leo bila kuniuliza. Maji ya mtaa huu yameingiwa na majitaka tangu jana jioni. Nimeambiwa asubuhi. Nilikaa ofisini nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kufukuzwa. Mtoto wa mdogo wangu ameshakunywa. Yamwageni, nawaomba."

Yule mama mnene akaigeuza sufuria yake pale pale, maji yakamrukia miguuni Mama Tangazo kupitia mlango uliokuwa wazi, sijui kwa makusudi sijui kwa bahati mbaya, akarudi ndani akiita wanawe kwa majina. Mlango baada ya mlango watu wakaanza kumwaga. Mwingine akamtukana. Mwingine akasema Mungu anakuona. Mzee Honi akawasha gari bila kuambiwa, akampeleka uchochoro hadi uchochoro, na kila pembe ilibidi aseme yote upya tangu mwanzo, pamoja na lile la asubuhi, maana alipojaribu kuliruka hawakumwaga. Simu kutoka kwa Tulieni iliita mfukoni mwake mpaka betri ikaisha.

Hapo mtu angetaka nimalizie, mwanamke ameusema ukweli, gari linakwenda, muziki upigwe. Lakini majitaka hayasikilizi matangazo. Jioni ile Bwana Mdogo alianza kutapika, na kulipopambazuka walikuwa hospitalini.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa bondeni, watoto wamelegea mapajani, mama zao macho mekundu. Mama Tangazo aliketi kwenye benchi kando ya mdogo wake, kilemba amekishusha mpaka kwenye nyusi. Kwa kilemba kile wengi wasingeushika uso wake haraka. Waliijua sauti. Kwa hiyo alinong'ona. Karani alipomuuliza jina la mgonjwa alinong'ona mpaka karani akamwambia mama ongea, na yeye akamwachia Kitinda ajibu. Kila mtoto aliyelia mle ndani alimkata, na alihesabu moyoni: huyu alikunywa kabla ya tangazo, huyu alikunywa baada. Asingeweza kujua, na hakuacha. Mwenye duka alikuwamo pia, amejikunja kona ya mbali na mkewe anampepea, na Mama Tangazo akageuza uso ukutani.

Alikuwa amepokea ujumbe kwa simu ya Mzee Honi, ambaye ndiye aliyewaleta pale kwa gari. Tulieni hakumfukuza. Tulieni alimtaka arudi ofisini haraka, kipimo cha pili kimetoka, ni kibaya, na kampuni inaomba arekodi tangazo la kuomba radhi. Ameshaandikiwa. Lilianza na maneno: kutokana na hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa matangazo... Sauti yako ndiyo watu wanaiamini, alimalizia Tulieni. Mama Tangazo aliusoma, akamrudishia Mzee Honi simu yake, akamwomba amwambie bosi kwamba hajamwona.

Kitinda tangu usiku alikuwa hajamsemesha ila kwa mambo ya lazima. Shika hiki. Sogea. Nipe kanga. Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha dada yake, kwani ukali wa Kitinda alijua dawa yake tangu utotoni.

Daktari akapita, akambinya mtoto ngozi ya tumbo, akamfunua macho, akasema wamewahi, wamshukuru Mungu. Asitundikiwe dripu kwanza, anyweshwe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, bila kuacha. Nesi akaleta pakiti na jagi, akawaonyesha, akarudi kwenye meza yake mwisho wa ukumbi ambako foleni ilikuwa inamsubiri.

Mama Tangazo akachukua jagi mwenyewe. Akaenda nalo hadi jikoni mwa hospitali kuuliza, akayaona maji yakitokota kwenye sufuria kubwa, akasimama hapo hapo mpaka yakapoa, hakupepesa. Akakoroga. Akaonja. Akamimina kwenye kikombe, akakileta mbele ya mdogo wake. Mtoto alikuwa amefumbua macho, midomo imekauka inajilamba.

"Haya ni salama," akasema. Hakunong'ona. Ilitoka ile ile ya siku zote, nzito kidogo, haina haraka. "Yamechemshwa, nimeyaona kwa macho yangu. Mpe."

Benchi la mbele watu wawili watatu waligeuka. Kitinda akapokea kikombe. Akakitazama ndani. Akamtazama dada yake aliyemlea, kwa kitambo, si kwa chuki, midomo ikimtetemeka kama ya mtu anayetaka kuomba msamaha. Kisha akajiinua taratibu na mtoto wake begani, kikombe mkononi, akapita katikati ya miguu ya watu ukumbi mzima mpaka kwenye meza ya nesi.

"Samahani, nesi," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka benchi la dada yake. "Haya maji, nimpe?"

Nesi akainua macho. "Mpe, mama, ndiyo hayo hayo."

Kitinda akaketi palepale sakafuni karibu na meza ya nesi, akaanza kumnywesha kijiko kwa kijiko, na Bwana Mdogo akanywa.